Somo la robo hii: Kulinda migomba yetu kwa mpango wa kinga ya shamba



Katika somo la robo hii tunazungumzia namna ya kulilinda shamba ili wadudu na magonjwa yasiingie, na yakiingia yasienee. Tumechagua mgomba na ugonjwa wa mnyauko kuwa mfano, kwa kuwa ugonjwa huu umeshafika kwetu na unatufundisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Tunaomba somo hili lisomwe kwenye kikao cha kamati, kisha lipelekwe kwenye vigango na jumuiya ndogo ndogo. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

Lengo la somo: Kila kamati iweze kuwasaidia wakulima wake kuandika mpango mfupi wa kinga ya shamba, na kijiji kizima kiufuate kwa pamoja.

1. Kwa nini tunaanza na mgomba

Mkoani Kagera na katika maeneo jirani, kibanja cha migomba ndicho chakula cha nyumba, ndicho ada ya shule, ndicho pia pombe ya harusi na mkungu anaopewa mgeni. Mahindi yakiharibika msimu huu, mkulima hupanda tena msimu ujao. Mgomba si hivyo. Shamba likiteketea kwa mnyauko na kung'olewa lote, wataalamu wanashauri kusubiri miezi 6 hivi kabla ya kupanda migomba tena. Baada ya hapo, mche mpya huchukua kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu mpaka kutoa mkungu. Ukijumlisha, ni miezi 18 hadi 24 ambayo familia haikati mkungu wake yenyewe. Hii ndiyo hasara tunayotaka kuizuia, na kuizuia kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na kuirudisha.

2. Ugonjwa huu ulikotoka

Mnyauko wa migomba, ambao mkoani Kagera wengi huuita unyanjano, unaletwa na bakteria. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1968 nchini Ethiopia, kwenye zao la enseti ambalo ni ndugu wa mgomba, na baadaye ukaonekana kwenye migomba ya huko huko. Kwa miaka mingi ulibaki Ethiopia. Mwaka 2001 ulitambuliwa nchini Uganda, na katika miaka iliyofuata ukaonekana mashariki mwa Kongo, Rwanda, Kenya na Burundi. Hapa Tanzania uligunduliwa mwaka 2006, wilayani Muleba.

Tukitazama safari hiyo tunajifunza jambo moja. Bakteria hawa hawana mabawa. Wamevuka milima na mipaka ya nchi kwa sababu watu, zana, miche na mizigo huvuka. Ndiyo maana tunasema kinga ya shamba inaanza na mwenendo wetu sisi wenyewe kabla ya dawa yoyote. Tena mpaka leo hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mnyauko, na aina zote za ndizi tunazolima zinaweza kushikwa.

3. Dalili ambazo kila mwanakaya azijue

Mkulima asipojua dalili atausambaza ugonjwa bila kujua. Dalili kuu ni hizi:

(a) Majani hugeuka njano na kunyauka, yakaonekana kama yamemwagiwa maji ya moto. Kunyauka kunaweza kuanzia jani lolote.

(b) Ua dume, yaani lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, hukauka na kusinyaa.

(c) Ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, baadhi ya vidole vikiwa njano na vingine kijani kwenye mkungu uleule.

(d) Ukikata ndizi, ndani unaona rangi ya kahawia au ya kutu.

(e) Ukikata shina la mgomba, baada ya dakika chache hutoka ute wa njano.

Tunasisitiza jambo moja hapa. Mgomba unaweza kuwa na ugonjwa kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo chipukizi zuri la kijani si ushahidi kwamba ni salama. Lazima tuulize limetoka shamba gani, na shamba hilo lina hali gani.

4. Milango minne ya ugonjwa

Shamba lina milango hata kama halina uzio. Kwa mnyauko wa migomba, milango ni minne.

Mlango wa kwanza ni chipukizi. Hili ndilo linalosafirisha ugonjwa mbali zaidi, kutoka wilaya hadi wilaya. Baadhi ya wakulima wamefundishwa kumenya chipukizi na kulitumbukiza kwenye maji ya moto kabla ya kupanda. Njia hiyo ni nzuri dhidi ya fukuzi wa migomba na minyoo ya mizizi, na tunaomba iendelee. Lakini haiwezi kutegemewa kulisafisha chipukizi ambalo tayari lina bakteria wa mnyauko ndani yake.

Mlango wa pili ni panga, kisu na jembe. Panga likikata mgomba mgonjwa kisha likakata jani la mgomba mzima, ugonjwa umeshapandwa. Panga moja linaloazimwa nyumba kumi katika siku moja ya palizi lina hatari kuliko mdudu yeyote. Wengine walio katika hatari hii ni vibarua wanaokatia majani, wanunuzi wa mikungu wanaokuja na visu vyao, na watu wanaokata majani ya kufungia au kufunikia chakula.

Mlango wa tatu ni ua dume. Nyuki, nyigu na nzi hutua kwenye ute wa ua la mgomba mgonjwa, kisha huruka hadi kwenye ua la mgomba mzima na kuacha bakteria mahali ambapo magamba ya ua yamedondoka. Ndizi za pombe aina ya kayinja hushambuliwa sana kwa njia hii.

Mlango wa nne ni miguu na mizigo. Mbuzi au ng'ombe anayekula mgomba mgonjwa kisha akahamia shamba jingine, ndizi zilizoiva vibaya zinazobebwa kupelekwa sokoni, maganda na majani yanayotupwa kibanjani kama mbolea, vyote hivi vinaweza kubeba ugonjwa.

Kuhusu miguu tuongeze jambo moja linalotazama mbele. Upo mnyauko mwingine, unaoitwa mnyauko fuzari, ambao huletwa na ukungu unaokaa kwenye udongo. Mwaka 2013 aina kali ya ukungu huo ilitangazwa kuonekana kaskazini mwa Msumbiji, nchi tunayopakana nayo. Bakteria wa mnyauko tunaouzungumzia leo hawadumu udongoni kwa muda mrefu. Ukungu wa fuzari hudumu humo kwa miongo ya miaka, na husafiri kwenye tope la viatu, matairi na majembe. Mkulima anayejizoeza leo kusafisha viatu na jembe mlangoni anajikinga na ugonjwa uliopo na pia na ule ambao haujamfikia.

5. Mpango wa kinga ya shamba, hatua kwa hatua

Mpango si kitabu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, nao ujulikane na kila mtu wa nyumba hiyo, watoto na vibarua wakiwemo. Tunapendekeza hatua hizi:

Hatua ya 1: Chora ramani ya shamba. Onyesha nyumba, njia ya watu, mahali mifugo inapopita, mpaka na jirani, na sehemu zenye ndizi za pombe. Ramani itakuonyesha mahali ugonjwa unapoweza kuingilia.

Hatua ya 2: Weka njia moja ya kuingilia kibanjani. Ziba vichochoro vingine kwa matawi au miti ya uzio. Mnunuzi wa ndizi apokelewe nyumbani. Mkungu ukatwe na mwenye shamba kwa panga la shamba.

Hatua ya 3: Tenga panga na kisu cha kibanja. Visiazimwe. Kama ni lazima kuazima, visafishwe vinapotoka na vinaporudi. Njia za kusafisha ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha chuma kwenye moto mpaka kiwe cha moto kiasi cha kutoweza kushikwa kwa mkono. Ya pili ni kukiloweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 5 za maji. Ondoa tope kwanza, kwa maana dawa haipenyi kwenye tope. Zana isafishwe kabla ya kuhama kutoka shina moja la migomba kwenda jingine, hasa pale ambapo ugonjwa umeshaonekana kijijini.

Hatua ya 4: Vunja ua dume mapema, mara tu chana ya mwisho inapojitokeza. Tumia kijiti kirefu chenye panda: ingiza bua la ua kwenye panda, zungusha, livunjike. Usitumie panga hata kidogo, maana utakuwa umeziba mlango wa tatu na kufungua wa pili. Wapo wazee wanaohofia kwamba ndizi isiyo na ua haitatoa pombe nzuri. Tunawaomba wafanye jaribio kwenye migomba michache waone wenyewe. Kuvunja ua husaidia pia vidole kujaa vizuri.

Hatua ya 5: Kagua shamba kila wiki siku moja maalumu. Tembea mstari kwa mstari ukitazama majani, maua na mikungu. Shamba la kawaida la kaya linaweza kuzungukwa asubuhi moja. Andika tarehe na ulichokiona, hata kama ni "hakuna tatizo".

Hatua ya 6: Andika chanzo cha kila chipukizi linaloingia: limetoka kwa nani, lini, na kama shamba hilo lilikaguliwa. Ikiwezekana, panda machipukizi mapya sehemu ya pembeni kwanza, uyaangalie kwa miezi kadhaa kabla ya kuyachanganya na mengine.

Hatua ya 7: Fungia mifugo, au ifunge kamba mbali na migomba. Usiilishe mgomba wenye dalili.

Hatua ya 8: Andika jina la mtu wa kuarifiwa mara tu dalili zinapoonekana: Afisa Ugani wa kata, na mwanakamati wa kigango anayehusika na kilimo.

6. Ugonjwa ukishaingia

Hapo zamani wakulima waliambiwa kung'oa shina zima, yaani mgomba mama na machipukizi yake yote, hata kama ni mgomba mmoja tu ulioonyesha dalili. Kazi hiyo ni ngumu mno, hasa kwa wajane na wazee, na wengi waliiacha. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo umeonyesha njia nyepesi zaidi. Bakteria hawaingii kwenye machipukizi yote ya shina moja kwa pamoja, kwa hiyo mkulima anaweza kukata ule mgomba wenye dalili peke yake, usawa wa ardhi, mara tu anapouona. Hana haja ya kuchimba kisiki. Panga husafishwa baada ya kila mgomba unaokatwa. Mabaki hurundikwa hapo hapo shambani, mbali na mifugo, na hayabebwi nje. Wiki inayofuata mkulima hukagua tena na kukata mwingine wowote unaoonyesha dalili.

Njia hii ina masharti. Ukaguzi usikatike, ua dume livunjwe kwenye shamba zima, na zana zisafishwe kila mara. Masharti hayo yakifuatwa, wagonjwa hupungua mpaka kubaki wachache sana ndani ya miezi michache. Yasipofuatwa, ugonjwa hurudi. Shamba ambalo karibu lote limeshaathirika halitaokolewa hivyo. Hilo litang'olewa lote, lipandwe maharage, mahindi au viazi vitamu kwa muda, kisha lipandwe migomba safi.

7. Jambo gumu: kupeana na kuficha

Tusipolisema hili, somo litakuwa nusu. Katika vijiji vyetu chipukizi la mgomba mara nyingi halinunuliwi. Kijana akioa hupewa machipukizi na wazazi, dada akihamia hupewa na jirani. Ni desturi nzuri inayojenga udugu, na hatusemi ifutwe. Tunasema iongezewe swali moja kabla ya kupokea: "Kibanja chako kinaendeleaje?" Anayeuliza asionekane mchoyo au mwenye dharau, na anayeulizwa ajibu kweli. Mtu mwenye ugonjwa shambani anaweza kumpa nduguye mbegu ya maharage au kumsaidia siku mbili za kulima. Zawadi hiyo haitamletea mwenzake msiba.

Gumu zaidi ni kuficha. Mkulima anayeona dalili huogopa mambo mengi: wanunuzi watamkimbia, atalaumiwa kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa kijijini, au shamba lake litafyekwa. Basi hukaa kimya, akakata mikungu haraka na kuiuza. Katika ukimya huo nyuki na mapanga huendelea na kazi. Hakuna mpango utakaofaulu mahali ambapo mkweli huaibishwa. Tunaziomba kamati ziwe za kwanza kumlinda anayetoa taarifa. Siku ya taarifa, jumuiya yake iende kumsaidia kukata na kukagua, kila mmoja akiwa na panga lake lililosafishwa. Familia ikipungukiwa chakula, isaidiwe kama inavyosaidiwa familia yenye mgonjwa. Msaada huo hautolewi kwa huruma tu, kwani ndio unaowafanya majirani wa wengine nao waseme mapema.

8. Kazi ya kamati ya parokia

Shamba moja lililolindwa vizuri katikati ya mashamba kumi yasiyolindwa halidumu, kwa sababu wadudu hawajui mipaka. Hivyo tunaomba kila kamati:

- Ipange siku moja kwa wiki ya ukaguzi, iwe ileile kwa kijiji kizima, ikishirikiana na serikali ya kijiji na Afisa Ugani.
- Ianze na shamba la parokia, la shule na la nyumba ya mapadre. Watu hufuata wanachokiona.
- Iwe na vijiti vyenye panda na dumu la jiki katika kila kigango.
- Ishike daftari la chanzo cha machipukizi.
- Ipate ushauri wa miche safi kutoka kituo cha utafiti cha TARI Maruku, kilichoko karibu na Bukoba. Masuala ya karantini na afya ya mimea kitaifa yanasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

9. Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, miradi mingi ya kilimo hupimwa kwa idadi ya miche iliyogawiwa. Ni rahisi kuhesabu na ni rahisi kupiga picha. Lakini gari moja la machipukizi yasiyojulikana yalikotoka linaweza kupeleka ugonjwa vijiji vingi kwa siku moja, jambo ambalo nyuki hawaliwezi. Tunawaomba, kabla ya kulipia miche, muulize maswali matatu: Imezalishwa wapi? Nani aliikagua? Wanaoipokea wana mpango wa kinga? Hata mche uliozalishwa maabara, ukiwa safi kabisa, utaugua ukipandwa katikati ya shamba gonjwa na kukatiwa kwa panga chafu.

Tunaomba pia fedha za mambo yasiyoonekana sana: nauli ya mkaguzi, mafunzo ya vigango, jiki, daftari, na chakula cha familia iliyokubali kung'oa shamba lake kwa faida ya wote. Matokeo yake ni vibanja ambavyo havikuugua. Hayo ni matokeo ya kweli, ingawa ni vigumu kuyapiga picha.

10. Kanuni hizo hizo bandani

Yaliyosemwa kuhusu mgomba yanafaa pia kwa mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haiambukizi watu na haina tiba, nayo huweza kumaliza banda zima. Huingia kwa nguruwe aliyenunuliwa bila kutengwa, kwa makombo yenye nyama ya nguruwe yasiyochemshwa, na kwa viatu vya mgeni. Mgeni asiingie bandani, makombo yachemshwe, na nguruwe mpya atengwe. Kwa kuku, chanjo ya mdondo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi 3, na kuku wa sokoni asichanganywe na wengine siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika kijiji chetu, ni mlango upi kati ya ile minne ulio wazi zaidi? Tutaufungaje mwezi huu?
2. Mapanga mangapi huzunguka nyumba kwa nyumba wakati wa palizi, na nani atayasafisha?
3. Mkulima akituambia leo kwamba ameona dalili, tutamfanyia nini ndani ya siku tatu za kwanza?
4. Je, shamba la parokia lina mpango ulioandikwa? Kama halina, nani atauandika, na lini?

Tunaomba kila kamati itume majibu ya swali la nne pamoja na taarifa ya robo ijayo.